Mulinzi Aliyelala

Wengi wenu mulionisoma juma lililopita mumeniita mujinga. Mumoja amejaza kurasa mbili kuniambia hivyo, na stempu akalipa. Muko na haki. Lakini musimalize matusi yote leo, maana ujinga wangu haukuwa umefika mwisho.

Kwa anayeingia sasa: naitwa Henriette Umugwaneza. Mwaka ule wa 2002 nilikuwa na miaka ishirini na mumoja, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika institut moja ya ualimu hapa Goma. Muji ulikuwa mikononi mwa waasi. Mudogo wangu Julien walimukamata barabarani akitoka masomo, wakamupeleka kambi ya mafunzo kule Rutshuru. Miezi mine hatukujua kama yuko hai. Halafu, siku tatu mbele ya Noeli ya 2001, akatokea kwetu Majengo bila viatu, miguu imevimba. Mama akamufungia katika depo, kile kibanda cha mbao nyuma ya nyumba tunapoweka makala ya kupikia na maharagwe. Ufunguo wa kadenasi, kufuli ya kibanda, akauvaa shingoni.

Askari aliyetoroka, waasi walikuwa wanamupiga risasi mbele ya wenzake. Kila muzazi wa Goma alijua hilo.

Na mimi nikafanya nini? Nikaenda kushuhudia.

Kama hukukulia katika vikundi vya maombi, huwezi kunielewa. Kikundi chetu cha institut kilikutana kila Jumatano saa sita za muchana. Unaandika nia yako kwenye karatasi, unaiweka ndani ya kikapu, wote wanaiombea. Ikijibiwa, unasimama mbele ya watu na kushuhudia. Anayepokea na kunyamaza, shetani anarudi kumunyang'anya. Hivyo tulifundishwa, na mimi niliamini. Karatasi yangu ilikaa ndani ya kikapu kile tangu Septemba: "Mudogo wangu arudi." Sasa alikuwa amerudi, na nilikuwa nimenyamaza majuma matatu. Kila buti iliyopita mbele ya nyumba, nilidhani ni Mungu amechoka kungojea.

Basi Jumatano ile nikasimama. Sikutaja jina la Julien. Nilisema tu "mutu wa kwetu". Lakini maneno yalininogea, huo ndio ukweli. Nilieleza vile mulinzi wa mulango wa kambi alishikwa na usingizi, na mutu wa kwetu akapita mbele yake, sawa na yule mutume aliyetolewa gerezani na malaika. Watu walilia. Watu walipiga makofi. Nilirudi nyumbani mwepesi, nikala vizuri.

Hapo ndipo tuliachana. Sasa ni kesho yake, Alhamisi, tarehe kumi na saba Januari.

Asubuhi mulima ulikuwa unatoa moshi ubavuni, si kileleni tulikouzoea. Ardhi ilikuwa imetikisika siku kadhaa. Tulisimama uani kwa institut tukautazama, mumoja akasema utanyamaza, mwingine akasema haujawahi kufika mujini. Tukaingia kufanya interro, mutihani mudogo wa saikolojia. Ndivyo watu wa Goma tulivyo, tunaishi na mulima kama na mulevi wa familia.

Tulipotoka, Cirimwami alikuwa ananingojea kwa ngazi. Huyu alikuwa kijana wa Bukavu, sekretere wa kikundi cha maombi, mutu wa kupiga pasi hata soksi.

"Henriette, niko na neno. Kaye ya ushuhuda haiko kwangu."

"Kaye gani?"

"Ile ninamoandika shuhuda zote."

Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba anaandika. Nilidhani anachora.

"Na ya kwangu ya jana uliandika?"

"Naandikaga zote. Jina, tarehe, na mambo yenyewe. Yako niliandika ukurasa muzima. Hata mulinzi nilimuweka."

Alisema kwa majivuno. Ningemupiga kofi, lakini nilikuwa na swali moja bado.

"Iko kwa nani sasa?"

"Muzee Habarurema aliiomba jana. Alisema anataka kusoma pole pole. Mutu muzima vile, ningemukatalia je?"

Nikakaa kwenye ngazi.

Muzee Habarurema hakuwa mwanafunzi. Alianza kuja kwa maombi yetu mwanzo wa Januari. Alikaa nyuma kabisa, hakuimba, na magotini daima aliweka kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa cha bluu. Wanafunzi walisema kila asubuhi anaonekana akiingia kambi ya askari ya Katindo. Walisema ni mutu wa usalama wa waasi. Walisema ndani ya kitambaa kile kuna bastola.

Na mimi nilikuwa nimeshuhudia mbele yake, tena kwa sauti.

Nilisimama nikimbie nyumbani. Sikufika hata kwa mulango. Aubin, kiongozi wetu, yule tuliyemuita berger, yaani muchungaji, alinikuta anatabasamu.

"Henriette, jitayarishe. Saa nane tunakuja kwenu, ziara ya shukrani."

Hiyo nayo ni desturi. Mutu akishuhudia, kikundi kinaenda kwake kwa miguu kikiimba, kinaomba na familia, kinakula kidogo. Lakini ilikuwa inafanywa Jumapili.

"Leo ni Alhamisi," nikasema.

"Muzee Habarurema ndiye ameomba iwe leo. Anasema kesho atakuwa amechelewa."

"Mama ni mugonjwa."

"Vizuri. Tutamuombea."

"Aubin, si leo. Nakusihi."

Akaacha kutabasamu. "Dada yangu, anayekataa ziara ni aliyeshuhudia uongo. Uliona nini wewe? Ulisema uongo?"

Siku niliyopaswa kunyamaza nilisema, na siku ya kusema nikakosa neno. Nilisema tu kwamba natangulia kumusaidia mama kupika.

Kwenye geti, Muzee Habarurema alikuwa amesimama peke yake. Alikuwa mutu murefu aliyekonda, koti moja, kifurushi cha bluu chini ya kwapa. Alinisemesha Kinyarwanda cha kwetu Rutshuru, akaniita mwanawe.

"Mwana wanjye, usitangulie. Sijui njia. Twende wote."

Niliogopa kukimbia mbele yake. Nikangoja.

Tulitoka watu kumi na moja. Aubin mbele na gitaa, mimi katikati, Muzee pembeni yangu, hatua yangu ni hatua yake. Waliimba wimbo wa kushukuru na mimi nilifungua kinywa bila sauti kutoka. Kichwani nilikuwa naomba kitu kimoja tu: Mungu, zuia ziara hii. Leta chochote, leta chochote kabisa.

Mungu, nisamehe kwa sala ile.

Tulipofika barabara ya juu tukaanza kukutana na watu. Kwanza mama mumoja na mbuzi. Halafu familia na godoro kichwani. Halafu barabara nzima, watu wa Munigi, upande wa mulima, wanateremka, watoto mugongoni, masufuria, kuku wamefungwa miguu.

"Murudi," mubaba mumoja alituambia. "Munaenda wapi na gitaa? Mulima umepasuka. Moto uko nyuma yetu."

Aubin akasema tuimbe kwa nguvu zaidi. Tukaimba. Kwenye kona ya kwanza wasichana wawili hawakuwa nasi tena. Kwenye kona ya pili Cirimwami alikumbuka vitu vyake vya bweni la wanafunzi, akakimbia na soksi zake. Harufu ya kiberiti ikaingia puani, majivu yakaanza kuanguka juu ya nywele. Nilipogeuka tena, tulibaki watatu.

Aubin akasimama. Jasho lilikuwa linamutoka.

"Henriette, mama yangu iko peke yake Murara."

"Nenda," nikamuambia. Akanipa gitaa mukononi, sijui kwa nini, akakimbia. Gitaa nililiegemeza kwenye ukuta wa nyumba ya watu.

Muzee Habarurema hakukimbia. Alipangusa majivu juu ya kitambaa cha bluu.

"Nyumba yenu ni parcelle gani?" akauliza.

Ningeweza kumuonyesha nyumba ya uongo. Mumeniandikia kwamba ningefanya hivi na vile. Haya, wazo hilo nililo nalo leo, siku ile halikuja. Niliogopa mpaka nikawa mwaminifu. Nikamupeleka kwetu.

Mama alikuwa uani anafunga godoro kwa kamba. Alipomuona nyuma yangu, mikono ilisimama.

"Ni nani huyu?"

"Ni mutu wa maombi, mama."

"Karibu, papa. Lakini unaona vile iko. Tunakimbia."

"Naona, mama. Sitawakawiza. Nimekuja kushukuru pamoja nanyi ju ya mutoto aliyerudi."

Mama akanitazama. Nimepigwa na mama, nimetukanwa na mama, lakini namna ile alivyonitazama sitaisahau. Hakujua habari ya ushuhuda. Sikuwa nimemuambia.

"Hakuna mutoto aliyerudi," akasema.

Mama yangu Athanasie, mujane wa katekista, mutu ambaye hata dawa chungu hakuwahi kutuambia ni tamu. Alisema uongo huo akitazama chini, na mukono wake ukaenda wenyewe kifuani, pale ufunguo ulipolala chini ya blauzi. Muzee aliona. Nilimuona akiona.

Akavuta kiti cha plastiki, akakiweka katikati ya ua, kikitazama depo. Akakaa, kifurushi magotini.

"Basi muende," akasema. "Mimi nitabaki kuwalindia nyumba."

Hakuna aliyetikisika. Upande wa uwanja wa ndege kitu kikalipuka, mabati yetu yakalia. Nikaelewa mupango wake. Hakuwa na haja ya kuvunja mulango. Yeye alikuwa anakaa tu. Ama tunafungua anamuchukua Julien, ama hatufungui, moto unakuja kumuchukua ndani ya makala.

Nikapiga magoti mbele ya kiti.

"Muzee, nifunge mimi. Ni mimi nilisema. Mama hana neno."

"Nikufunge? Mimi ni nani wa kukufunga?"

"Weye ni mutu wa usalama. Wote tunajua. Unaingia Katindo kila asubuhi."

Muzee akaanza kufungua fundo la kitambaa. Mama akaniita jina, akanivuta bega. Nilifumba macho.

Nilipoyafumbua, ilikuwa bakuli ya bati. Ndani mulikuwa bugali na sombe ya majani ya muhogo, vimekauka juu.

"Leo wameirudisha," Muzee akasema. "Wameniambia haina maana tena kumulisha."

"Kumulisha nani?"

"Mwanangu. Niyitegeka. Wamemufunga ndani ya kasho ya Katindo tangu Noeli."

"Alifanya nini?"

"Alilala."

Majivu yalikuwa yanaanguka ndani ya bakuli na hakuyatoa.

"Mulinzi wako, mwana wanjye, yule wa ushuhuda. Watu walipiga makofi. Hata mimi nilipiga, mbele ya kuelewa. Halafu nikaomba kaye ile niisome vizuri, nione kama ni kambi ile ile, tarehe ile ile." Akakunja kitambaa mara mbili. "Habari ya yule mutume aliyetolewa gerezani, umewahi kuisoma mpaka mwisho? Asubuhi yake, walinzi walifanywa nini?"

Nilijua. Nimekulia nyumba ya katekista, ningekosaje kujua? Waliuawa. Mutume alikwenda kwa ndugu zake wakafurahi, na wale walinzi wakapelekwa kuuawa. Maisha yangu yote sijasikia mutu akiisoma sehemu ile siku ya shukrani. Nami niliiruka.

"Mukubwa wao aliniambia: leta aliyetoroka mbele ya Ijumaa, ndiyo hii ya kesho, uchukue mwanako. Nikamuambia, nitamutoa wapi? Nikaja kwa maombi yenu, nikaweka karatasi ndani ya kikapu. Na Jumatano ukasimama weye."

Kikapu kilikuwa kimoja. Nia yake na nia yangu zilikaa humo pamoja, zikigusana.

Mama akaja akasimama kati ya kiti na depo.

"Papa, weye ni muzazi. Usinichukulie wangu."

"Na wangu, mama, ni nani atanizalia mwingine? Mama yake alikufa akimuzaa."

Hapo ndipo mulango wa depo ulisikika unagongwa, ngoko, ngoko, kwa ndani.

"Yaya, dada yangu. Fungua."

"Nyamaza, Julien," mama akasema, halafu akashika mudomo wake. Jina lilikuwa limekwisha kutoka.

Muzee hakusimama. Alifunga tena bakuli ndani ya kitambaa, pole pole, kama mutu asiye na haraka duniani.

Moto ulifika avenue yetu wakati huo. Watu wanausimulia kama muto wa moto unaokimbia. Kwetu haukuwa hivyo. Ulikuwa ukuta mweusi uliotembea kwa mwendo wa muzee, unalia kama vyungu vinavyovunjwa, na wekundu unauona ndani ya nyufa tu. Nyumba ya nne juu yetu ilishika moto kabla ukuta haujaigusa. Jirani alipita anatuita wajinga.

"Mama, ufunguo," nikasema.

"Hapana."

"Mama, ataungua."

"Wakimupiga risasi, si ni sawa?"

Nilimuvua kamba shingoni kwa nguvu. Sikuwa nimewahi kumugusa mama hivyo. Ngozi yake ilikwaruzika, alama iko hata leo. Nikafungua kadenasi, na mama akaichukua mukononi mwangu akaishika, kwa nini sijui.

Julien alitoka akipepesa macho, makala usoni. Miaka kumi na tisa, na majuma matatu ya depo yalikuwa yamemupindisha mugongo. Alikuwa amesikia yote kupitia mbao, akaenda moja kwa moja mbele ya kiti.

"Papa, Niyitegeka hakulala."

Muzee akamutazama.

"Tulikuwa tunakula kwa sahani moja. Siku ile zamu ya mulango ilikuwa yake. Akanifungulia. Akaniambia, nenda, nitasema nililala, watanipiga fimbo tu. Sisi wawili tulijua si fimbo tu." Sauti yake ikakatika. "Nikaenda."

Halafu akanigeukia. "Yaya, nilikudanganya ju ya usingizi. Nilikuwa na haya."

Kwa hiyo sikuwa nimemuuza mudogo wangu peke yake. Nilikuwa nimesimama mbele ya Mungu na watu, nikamupa malaika kazi ya kijana mumoja wa Rutshuru aliyejua atakufa, tena nikasema alilala.

Muzee Habarurema akasimama sasa. Akamushika Julien kifundo cha mukono. Hakumukaza, alimushika tu.

"Twende."

Mama akashika mukono wa pili. Tulisimama hivyo, moto unakula nyumba ya tatu.

"Mama, niache," Julien akasema. "Kasho inafungwa kwa nje. Askari wakikimbia, nani atakumbuka kufungua? Ataungua ndani kwa ajili yangu. Nitavunja mulango nirudi."

"Na kama askari hawajakimbia?" nikauliza.

Julien aliingia tena kwa depo, Muzee bado amemushika, wakatoka na mutalimbo wa marehemu papa, ule aliopasulia mawe siku alipojenga nyumba hii. Nyumba yenyewe ilikuwa inaanza kufuka moshi.

Nilimupa mama mufuko wa maharagwe na Rozari ya papa. Nikamuambia afuate watu wanaokimbilia Sake, tutamukuta barabarani. Alikwenda akigeuka kila hatua, kadenasi mukononi. Sijui kama nilimuaga vizuri.

Nami niliwafuata wale wawili. Musinisifu. Niliogopa kubaki zaidi ya kuenda.

Watu wote walikuwa wanakimbilia upande wa Sake, nasi tulikata katikati yao kuelekea Katindo. Muzee alitembea bila kumuachilia Julien. Nilijipanga pembeni yake.

"Muzee, tukiwakuta askari, utafanya je?"

"Sijui."

"Utamutoa Julien kwao?"

"Nimekuambia sijui, mwana wanjye. Ningekuwa najua, nisingetembea polepole hivi."

Niliomba njia nzima. Niliomba tukute kambi tupu, nikaona aibu, maana ni mimi niliyeomba kitu chochote kije kuzuia ziara. Sikujua tena ni sala gani ya kumupa Mungu ambayo haitamuangukia mutu mwingine. Kwa mara ya kwanza tangu nilipobatizwa, nilinyamaza ndani.

Kambi haikuwa tupu.

Geti lilikuwa wazi, lori mbili zinanguruma, askari wanapakia magodoro na masufuria kama sisi wote. Nyuma yao niliiona kasho, chumba cha matofali, mulango wa chuma, komeo kubwa kwa nje. Hakuna aliyekuwa anautazama mulango ule. Hatua hamsini tu. Nikaanza kutumaini, na tumaini liliniumiza kuliko woga.

Mulinzi wa geti alikuwa kijana, bunduki begani. Alimutambua Muzee.

"Muzee wa chakula. Mara ya pili leo?"

"Nimekuja kumuchukua mutoto. Moto unaingia."

"Sina amri." Akamuona Julien na mutalimbo. "Na weye nani? Simama sawa."

Visigino vya Julien vikagongana vyenyewe. Kifua mbele, kidevu juu, mutalimbo ukasimama begani mwake kama bunduki. Alikuwa amefundishwa hivyo miezi mine, na mwili ulijibu mbele ya yeye kufikiri. Nilimuona akijuta, lakini ilikuwa imepita.

Yule askari akashusha bunduki begani taratibu.

"Ni wapi ulijifunza kusimama namna hiyo?"

Nikasikia sauti ikisema, kumbe ni yangu.

"Ni mutoto wake, huyu muzee. Ni ndugu ya yule wa ndani. Papa yao alikuwa polisi zamani, aliwafundisha wote wawili."

Maneno matatu ya uongo kwa pumzi moja, mimi binti ya katekista Habumugisha. Na nilisema vizuri, bila kutetemeka, vizuri kama Jumatano.

Askari hakunitazama hata. Alikuwa anamutazama Muzee, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kila asubuhi muzee huyu analia hapa mbele yangu," akasema. "Kila asubuhi ananiambia, munihurumie, niko na mutoto mumoja tu, Mungu hakunipa mwingine. Mpaka nilichoka kusikia."

Ardhi ikatikisika. Kwenye kasho mutu akapiga mulango wa chuma kwa ngumi, akaita. Aliita "Papa," mara moja, kwa sauti ya mutoto kabisa.

Muzee Habarurema alifumba macho. Kifundo cha mukono wa Julien kilikuwa bado ndani ya mukono wake, na vidole havikuwa vimelegea.

"Haya, muzee," askari akasema, na nikasikia bunduki ikikokiwa. "Niambie mwenyewe. Uko na watoto wangapi?"